Ajali haikutunga wimbo hata mmoja

Mtaje Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, mbele ya mpenzi yeyote wa roki, na kabla hujamaliza sentensi utakatizwa kwa habari ya vidole. Kijana wa kiwandani Birmingham, mashine ikamng'oa ncha za vidole viwili, akajitengenezea vidole vya plastiki, akalegeza nyuzi za gitaa zisimuumize, na muziki wa metali, ile roki nzito, ukazaliwa papo hapo. Hadithi tamu na fupi, unaweza kuimaliza kati ya kituo kimoja cha daladala na kinachofuata.

Shida yangu nayo ni tarehe. Iommi alizaliwa tarehe 19 Februari 1948, na alipoumia alikuwa na miaka 17. Albamu ambayo nyuzi zake zimelegezwa kweli kweli, Master of Reality, ilitoka 1971. Katikati hapo kuna miaka mitano au zaidi, kuna bendi kadhaa zilizovunjika, na kuna albamu mbili nzima, zenye nyimbo ambazo hata asiyejua roki amewahi kuzisikia mahali. Albamu hizo mbili zilipigwa karibu zote kwa mkazo wa kawaida wa gitaa. Uzito ule watu wanaousema ulikuwamo tayari. Basi kama ajali ndiyo iliyotunga, ilichelewa sana kufika studio.

Turudi Aston. Ni mtaa wa viwanda kaskazini mwa katikati ya jiji la Birmingham, nyumba zimebanana, na miaka ile ya baada ya vita bado kulikuwa na viwanja vyenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu. Wazazi wake, wenye asili ya Italia, walikuwa na duka, naye alikuwa mtoto wao pekee. Upande wa baba walikuwa wapigaji wa akodiani, kwa hiyo chombo chake cha kwanza kilikuwa hicho hicho. Yeye alitaka ngoma. Nyumbani kelele za ngoma zisingevumilika, akaishia kwenye gitaa.

Waliomvuta walikuwa The Shadows, bendi ya mpiga gitaa Hank Marvin, na hili nalipa uzito kuliko wanavyolipa wengi. Nyimbo zilizoipatia bendi hiyo umaarufu wake yenyewe hazikuwa na mwimbaji. Gitaa ndilo lililobeba wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, likatoa na kiitikio. Kijana aliyejifunza muziki kwa namna hiyo hatakaa amwone mwimbaji kuwa mwenye nyumba na mpiga gitaa kuwa mpangaji. Ukiusikiliza muziki wake wa baadaye ukiwa na jambo hilo kichwani, mengi yanaeleweka.

Sasa ajali, kwa kuwa haikwepeki. Iommi ni mashoto. Mkono wake wa kushoto ndio unaopiga nyuzi, na wa kulia ndio unaobana shingo ya gitaa. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, kazi yake kuchomelea. Siku ile ilikuwa ya mwisho kazini, maana bendi yake ilikuwa na safari ya Ujerumani na yeye alishaaga. Mchana alirudi nyumbani kula, akawa hana nia ya kurudi. Mama yake akamwambia hapana, kazi humalizwa vizuri, nenda. Akarudi. Aliyekuwa akiendesha mashine ya kubonyeza bati hakufika siku hiyo, na Iommi akawekwa mahali pake, kwenye mashine asiyoijua. Ikashuka juu ya mkono wa kulia. Akauvuta kwa nguvu, kama mtu yeyote angefanya, na kwa kuuvuta zikang'oka ncha za kidole cha kati na cha pete.

Madaktari walimwambia asahau gitaa. Anayeingia hapo katika simulizi ni meneja wa kiwanda, aliyemfuata nyumbani na santuri mkononi. Kijana hakutaka kusikia muziki wa mtu yeyote, meneja akang'ang'ania. Kwenye santuri alikuwamo Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jamii ya Waroma (Wajipsi) aliyezaliwa Ubelgiji 1910. Mwaka 1928 gari lake la kuishi liliungua moto, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikabaki vimekakamaa. Solo zote zile zilizowashangaza Wafaransa alizipiga kwa vidole viwili vilivyobaki. Meneja alimwacha kwanza asikilize, ndipo akamweleza habari za mkono.

Kinachofuata ni kazi ya fundi, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga ikawa donge. Akatoboa tundu kwa chuma cha moto cha kulehemia, akalipanua mpaka kidole kikaingia, kisha akakaa na msasa kwa saa na saa mpaka donge likawa na umbo la kastabini. Alipojaribu kwenye gitaa plastiki iliteleza juu ya nyuzi. Akakata vipande vya ngozi ya koti kuukuu, akavibandika juu, akavisugua mpaka vikalainika kiasi cha kushika uzi. Ngozi ikiwa nene sana uzi haubaniki, ikiwa nyembamba sana inachanika katikati ya wimbo.

Hata zilipokaa sawa kulibaki tatizo ambalo kastabini haiwezi kulitatua: kidole kilichofunikwa hakihisi kitu. Mpiga gitaa hujua amebana kwa nguvu kiasi gani kwa sababu ngozi ya kidole inamwambia. Iommi kwa vidole hivyo viwili hana taarifa hiyo, ilibidi aipate kwa sikio. Na nyuzi za gitaa zilizokuwa madukani wakati ule zilikuwa nene na ngumu. Akanunua nyuzi za banjo, ambazo ni nyembamba, akazifunga kwenye gitaa. Alipowaendea watengenezaji wa nyuzi awashawishi watengeneze seti nyembamba, alijibiwa kwamba hakuna atakayenunua. Leo seti za namna hiyo zinauzwa katika kila duka la vyombo vya muziki.

Angeweza kubadilisha mkono, ajifunze upya kubana kwa kushoto. Mwenyewe amekiri baadaye kwamba lingekuwa jambo la busara, ila alikuwa ameshapiga miaka kadhaa na subira hakuwa nayo. Nalipenda jibu hilo kwa sababu halina ushujaa wowote ndani yake.

Bendi za mwanzo nazipitia haraka. The Rest ilimkutanisha na mpiga dramu Bill Ward. Wakahamia wote wawili Mythology, kule Carlisle, mpaka 1968 polisi walipowakamata na bangi na kazi zikakauka. Waliporudi Birmingham waliona tangazo dukani la mwimbaji anayetafuta bendi. Wakaenda hadi kwenye anwani, mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale ni Ozzy Osbourne, ambaye Iommi alimfahamu kutoka shule ya Birchfield Road. Alichokumbuka juu yake hakikuwa kipaji cha kuimba. Hata hivyo siku chache baadaye walikuwa pamoja, yeye, Ward, Ozzy na mpiga besi Geezer Butler, vijana wanne wa Aston wakipiga bluzi katika bendi ambayo punde ikaitwa Earth.

Desemba 1968 Iommi akaondoka. Jethro Tull, bendi iliyokuwa inapanda kwa kasi, ilimwita, na tarehe 11 mwezi huo alikuwa nao London kwenye onyesho la televisheni lililoandaliwa na Rolling Stones. Hakudumu, akarejea Birmingham. Lakini alirejea na kitu. Pale Tull aliona Ian Anderson akiiendesha bendi kama kazi: mazoezi yanaanza asubuhi, saa imepangwa, anayechelewa anasikia. Akawaambia wenzake kuanzia sasa na sisi tunaanza saa 3 asubuhi. Wakapata ukumbi wa jamii pale mtaani, na kwa sababu wenzake hawakuwa watu wa kuamka, ilimbidi mwenyewe kuwapitia na gari nyumba kwa nyumba.

Ukiniuliza metali ilizaliwa wapi, mimi nitakuonyesha asubuhi zile kabla ya kukuonyesha mashine ya bati. Bendi iliyokuwa ikirudia bluzi za watu wengine ilianza kutunga zake ndani ya ukumbi huo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na sinema, na Butler alishangaa jinsi watu wanavyolipa pesa zao kwenda kuogopeshwa. Jina la filamu ya kutisha ya 1963 likawa jina la wimbo, kisha Agosti 1969 likawa jina la bendi: Black Sabbath.

Wimbo huo una noti tatu. G ya chini, G ya juu yake, halafu inashuka kwenye C sharp na kutetemeshwa hapo. Kutoka G hadi C sharp ni nusu sauti sita, katikati kabisa ya oktava, mahali ambapo sikio halipati pa kutua. Wanamuziki wa Ulaya wa zamani waliuita umbali huo shetani ndani ya muziki. Iommi hakuwa amesoma nadharia hiyo. Butler alikuwa akichezea kipande cha Gustav Holst kinachohusu sayari ya Mars, ambacho kina umbali uo huo ndani yake, na Iommi akatoa chake. Ni noti tatu ambazo mtoto anaweza kuzipiga siku ya kwanza. Ugumu uko kwenye kuthubutu kuzipiga polepole namna ile, na kuacha ukimya katikati, wakati ambapo kila mpiga gitaa Uingereza alikuwa akishindania kasi.

Tarehe 16 Oktoba 1969 waliingia studio ya Regent Sound, London, na prodyuza Rodger Bain, wakarekodi albamu kwa siku moja. Walipiga kama wanavyopiga jukwaani, kisha wakasafiri kwenda Uswisi kwenye kazi nyingine. Mwanzoni mwa kurekodi kinasa sauti cha gitaa lake la Fender Stratocaster kilikufa. Akachukua gitaa la akiba, Gibson SG, na tangu siku hiyo picha yake kichwani mwa watu ni yenye SG. Mvua na kengele unazosikia mwanzoni viliongezwa baadaye na watayarishaji. Albamu ikatoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, ikafika namba 8 Uingereza, na wachambuzi wa magazeti wakaiponda vibaya. Waliona ni makelele ya watoto wa viwandani, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki, ni makelele ya watoto wa viwandani yaliyopangwa kwa makini.

Mwaka huo huo, Septemba, ikatoka ya pili. Ilikuwa iitwe War Pigs, wimbo ambao Butler aliuandikia maneno ya kuwalaani wakubwa wanaopeleka watoto wa maskini vitani huku Vietnam ikiwaka. Prodyuza akasema albamu ina upungufu wa dakika chache. Wenzake walipotoka kwenda kula, Iommi alibaki na gitaa, akapata rifu, ule mstari mfupi wa gitaa unaorudiwarudiwa na kubeba wimbo mzima. Waliporudi wakaimalizia kwa muda usiofika hata nusu saa. Ndiyo "Paranoid", wimbo wa dakika tatu kasoro uliotungwa kuziba pengo, ukafika namba 4 Uingereza na ukaipa albamu jina. Albamu yenyewe ikashika namba 1.

Niseme kidogo juu ya utunzi, maana kumwita mtunzi mtu asiyeandika maneno huwatatiza baadhi ya wasomaji wangu. Nyimbo za kipindi hicho zina majina ya wote wanne. Ozzy alitafuta njia ya sauti, Butler aliandika sehemu kubwa ya maneno, Ward alivunja na kuunga mapigo. Lakini hakuna kilichoanza kabla Iommi hajaleta rifu, na wenzake wamelisema hilo wazi miaka yote. Sikiliza "Iron Man": Ozzy anaimba noti zilezile ambazo gitaa linapiga. Mwimbaji anamfuata mpiga gitaa. Na besi ya Butler mara nyingi iko njia moja na gitaa, noti kwa noti. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea magitaa yanayogawana kazi, solo huku, ridhimu kule, besi inazunguka chini yao, kila mmoja na mstari wake na wote wanajibizana. Black Sabbath walifanya kinyume: kila mtu kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana nilipowasikia mara ya kwanza nilidhani bendi ni ya watu kumi.

Hapo ndipo vidole vinapoingia kwa haki yao. Kuna mikao ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ambayo mkono wake haukuiweza tena, hivyo aliegemea kodi za noti mbili, noti ya msingi na ya tano yake. Ukizipitisha kodi hizo kwenye amplifaya iliyofunguliwa mno, zinabaki safi, wakati kodi iliyojaa noti nyingi inageuka vurugu. Amplifaya zake zilitoka kwa kijana mwingine wa Birmingham, Lyndon Laney, aliyekuwa ameanza kuziunda 1967. Kwa hiyo upungufu wa mkono ulikutana na vifaa vilivyoupenda upungufu huo, na katikati yao alikuwa mtu mwenye sikio la kujua kilichotokea.

Kisha 1971, Master of Reality. Katika nyimbo kadhaa, kama "Children of the Grave" na "Into the Void", alishusha gitaa nusu sauti tatu. Uzi ukishushwa unapungua mkazo, kidole kinapumzika, na sauti inakwenda chini. Nimewahi kulifanya hilo kwenye gitaa langu. Nyuzi zinalegea mpaka zinapigapiga shingo, noti inayumba ukiibana kidogo tu zaidi ya inavyotaka, na ukicheza haraka unapata matope. Gitaa langu ni la bei ya chini, nakubali. Lakini nilijionea kwamba kulegeza nyuzi peke yake hakukupi sauti ya Iommi, kunakupa kazi mpya ya kujifunza. Yeye alikuwa amejizoeza kubana kwa kipimo cha sikio tangu enzi za banjo.

Na katika albamu hiyo hiyo nzito, ameweka "Orchid", kipande kifupi cha gitaa tupu la mbao, kipole kabisa. Mwaka uliofuata, kwenye Vol. 4, akafanya tena na "Laguna Sunrise". Wanaomwita mzee wa giza hawavitaji sana vipande hivi.

Miaka iliyofuata ina kokeini nyingi, wanasheria wengi, na sina hamu nayo. Kisa kimoja tu nakipenda. 1973 walirudi Los Angeles kutunga, Iommi akakauka, hakuna rifu iliyokuja. Wakarudi Uingereza, wakakodi Clearwell Castle, ngome iliyo kwenye Forest of Dean, wakafunga vyombo ndani ya handaki lake. Ikatoka "Sabbath Bloody Sabbath". Wengine husema ni mizimu ya ngome. Nadhani ni kule kuwekwa tena ndani ya chumba kibaya na watu walewale wanne.

Ozzy alifukuzwa 1979. Wengi waliamini bendi imekufa, kumbe akaja Ronnie James Dio, na 1980 ikatoka Heaven and Hell, ambayo kwa kuimba tu inazipita zote zilizotangulia. Najua kauli hiyo itaniletea matusi. Baadaye waliingia na kutoka waimbaji na wapiga dramu wengi hata kuwahesabu ni kazi, na katika orodha yote hiyo jina moja halitoki, la Iommi. Albamu chache za wakati huo hazina afya. Headless Cross ya 1989, na Tony Martin kwenye sauti, inastahili kutendewa vizuri kuliko ilivyotendewa.

Januari 2012 ikatangazwa kwamba ana saratani ya limfu. Wenzake walikuwa Marekani, wakahamishia kazi kwake Uingereza ili asikatize matibabu. Juni 2013 albamu iitwayo 13 ikatoka, ikashika namba 1 Uingereza, mara ya kwanza tangu Paranoid. Onyesho la kufunga ziara yao ya mwisho lilikuwa Birmingham, tarehe 4 Februari 2017. Mji ambao zamani haukuwa na habari nao umewaita tena na tena: 2022 alipiga kwenye ufunguzi na ufungaji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola, na 2023 Birmingham Royal Ballet, chini ya Carlos Acosta, ikacheza baleti nzima juu ya nyimbo zao.

Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walisimama pamoja Villa Park, uwanja ulio pale pale Aston, isipokuwa Ozzy, ambaye maradhi yalimlazimisha kuimba akiwa ameketi. Walipiga nyimbo nne tu. Siku 17 baadaye Ozzy akafariki.

Ukitaka kuanza kumsikiliza Iommi, iache "Paranoid", umeshaisikia hata kama hujui. Anza na "Into the Void" kwenye spika zenye besi ya kweli, simu haitoshi. Dakika nzima ya mwanzo na zaidi haina mwimbaji, na hutamkumbuka. Ukimaliza weka "Laguna Sunrise". Majirani watakushukuru kwa huo wa pili.